Fundi wa Magari Yasiyochemsha

Fundi alikuwa anaonja maji ya rejeta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitia kinyaa kabla ya mengine yote, na kinyaa chenyewe hakijaisha mpaka leo. Alikuwa anafungua kifuniko, anachovya kidole cha kati chenye kucha nene iliyojaa grisi, anakitia mdomoni na kukinyonya huku amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi wa sikukuu. Halafu anatema karibu na kiatu chako.

"Maji ya mfongo haya," anasema. "Mmeyateka kule juu. Yana udongo."

Mfongo ni ule mfereji wa kienyeji unaoteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba yetu, na ni kweli ndiko tulikoyateka. Ubaya wake ni kwamba hakuwa anakosea. Mtu mchafu anayekosea unaweza kumwacha ukaenda zako. Huyu alikuwa mchafu na anapatia, na ukishajua hivyo unarudi tena, unasimama pale pale penye mate yake.

Gereji yake ilikuwa Kiboriloni, nyuma ya soko, mahali ambapo nyanya zilizooza na mafuta machafu ya injini vilishakubaliana kukaa pamoja. Mimi nina duka la vitambaa hapo hapo sokoni, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Mume wangu alipofariki aliniachia vitu viwili ambavyo sikuviomba: kigari chake cheupe cha zamani, na fundi wake. "Huyu usimwache," alikuwa akisema. "Anaijua injini hii kuliko mimi ninavyokujua wewe." Wakati ule nilicheka. Nilipokuja kumfahamu fundi vizuri sikuona tena cha kuchekesha.

Mikono yake sikuizoea hata siku moja. Alikula nayo bila kunawa, na chapati ikitoka mdomoni mwake utaona vidole vyake vyote vimechapwa juu yake kwa weusi. Mfukoni alikuwa na kitambaa safi, kimekunjwa vizuri, lakini hicho alikitunza. Mikono aliifutia kwenye viti vya wateja. Niliwahi kushona vifuniko vya viti kwa kitambaa kizuri cha dukani kwangu, cha kijani chenye maua meupe. Siku ya kwanza tu alipokaa ndani kusikiliza injini, aliniachia viganja viwili vyeusi juu ya maua yale. Nikamwonyesha. Akayaangalia bila haraka.

"Grisi haina ubaya, Mama Neema," akasema. "Ni mafuta tu."

Alinizidi umri kwa miaka kadhaa na mvi zilishaanza kumwingia, kwa hiyo ilinibidi kumwamkia. "Shikamoo fundi," nasema. "Marahaba," anaitikia na chapati mdomoni, makombo yananirukia kifuani. Wapo watu ukiwapa heshima wanaipokea. Yeye aliitafuna.

Na mate yale. Sina ugomvi na mate yenyewe. Sisi wa mlimani mate yana heshima yake, maana wazee wetu wa zamani walibariki kwa mate. Mama yangu ni Mlutheri aliyekariri nyimbo zote za kanisani, na bado asubuhi ya harusi yangu alinitemea kidogo kiganjani, akanikunja vidole, akaniambia nisikifungue kiganja mpaka nifike mlango wa kanisa. Nilifanya hivyo. Hajanirudia tena tangu siku ile, wala sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mwingine, hata wajukuu. Sasa umwone mtu anayatupa ovyo kutwa nzima, kwenye tairi, kwenye nati iliyoshika kutu, kwenye mikono yake kabla ya kushika nyundo. Nilikuwa najisikia kama anamwaga maziwa ya watu.

Jumapili alikuwa mtu mwingine, na hilo liliniudhi zaidi. Alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya yetu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na mikono yake ilikuwa safi kabisa. Alinieleza mwenyewe, kwa fahari, kwamba kila Jumamosi jioni anaisugua kwa limau na majivu mpaka kucha zinarudi rangi ya mtoto mchanga. Ukiimbwa wimbo wa maziko alilia waziwazi, na wanawake wenzangu walimpenda kwa machozi hayo. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikiziangalia zile kucha. Kumbe anajua kunawa, nilikuwa nawaza. Kumbe ni sisi tu ambao hatustahili limau.

Mlangoni mwa gereji alining'iniza waya mrefu uliotungwa vidude vya shaba, vingi, vimepangana kama tungo la samaki. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yake, na ndiyo niliyokuja kuyachukia kuliko mate na grisi. Zilikuwa themostati za magari ya watu.

Nilikuwa sijui themostati ni nini, na wengi waliopita pale hawakujua. Ni kidude chenye springi, kinatoshea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinaziba njia ili maji yabaki ndani yapate moto. Yakishapata moto wa kutosha kinafungua, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Kikizeeka kinaweza kukwama kikiwa kimefunga, na hapo gari linachemsha njiani, injini inakufa, mwenye gari anapiga kelele. Dawa ya fundi ilikuwa moja tu kwa magari yote. Alikitoa. Hakuweka kingine. Alikitoa, akafunga bomba, akakitunga kwenye waya wake.

"Hiki kimetengenezewa Ulaya, kwenye theluji," alikuwa akiwaambia wateja.

Siku moja, kwa hasira tu, nilimwonyesha mlima. Ulikuwa wazi asubuhi ile, theluji inaonekana juu ya mabati ya soko.

"Na ile ni nini?" nikamuuliza.

"Huko hakuna barabara," akasema, akarudi chini ya gari.

Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kujibu. Alikuwa na misemo, na watu waliinukuu sokoni kana kwamba imetoka kwenye Biblia. "Injini haifi kwa baridi, inakufa kwa moto." Huo aliupenda sana. Mwingine aliutoa akiwa amelewa mbege kwenye ubatizo wa jirani, na nadhani ndio pekee aliousema kwa moyo wake: "Mteja haikumbuki safari aliyofika. Anaikumbuka ile aliyokwama."

Na sisi tulimpenda kwa hilo, lazima niseme kweli. Gari alilolishika fundi lilikuwa halichemshi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulilala chini kabisa, kutoka Himo mpaka Marangu, mlima wote ule, haunyanyuki. Watu wa kwetu wakiona mshale umelala wanaona ni afya. Mume wangu alikuwa akiwaonyesha wageni. "Tazameni," anasema, "tumepanda hivi na wala hajashtuka!" Wageni wanatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyewaza kwamba injini isiyopata moto haina moto wa kumpa mtu.

Yeye mwenyewe alikuwa na gari, la aina ile ile kama letu, isipokuwa lilikuwa la bluu. Alilinunua muda mfupi baada ya mume wangu kumpelekea la kwetu kutolewa hicho kidude. Nyumba yake ilikuwa Marangu, juu zaidi ya kwa mama yangu, na kila asubuhi aliteremka nalo, akaliegesha nyuma ya gereji na kulifunika turubai. Hakumpa mtu lifti. Walimsema kwa hilo, maana kwetu mtu anayepita watu wa kijijini kwake barabarani na viti vitupu ana neno. Alipita vioo vimefungwa mpaka juu. Na jambo moja ambalo tulilichekea wote: mwezi wa saba, wakati kila anayeteremka kutoka mlimani anafika Kiboriloni na sweta mbili, kofia na pua inayochuruzika, yeye alishuka garini na shati la mikono mifupi, anajifuta jasho shingoni.

"Damu yangu nzito," alisema.

Tukaamini. Tulikuwa tunaamini kila kitu alichosema yule mtu.

Sasa niseme habari za mama yangu, maana bila yeye ningekuwa nimeshamsahau fundi. Mama anaishi Marangu kwenye kihamba chake, na migomba yake, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Mjini hataki kusikia. Ana ugonjwa wa kifua, na kila mwezi anatakiwa kwenda hospitali Moshi akaangaliwe na kubadilishiwa dawa. Daktari alisisitiza mambo mawili: asikose kliniki, na asipigwe baridi njiani. Yote mawili pamoja, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, yalikuwa hayawezekani kwenye gari langu. Asubuhi ukungu umelala juu ya migomba, unateremka mlima na injini haifanyi kazi yoyote, na ile hita inapuliza upepo kama umetoka kisimani. Mama alianza kukohoa kabla hatujafika lami. Tukifika chini kwenye joto, mahali hita haina kazi tena, midomo ilikuwa imeshambadilika rangi. Tulifika hospitali akiwa mgonjwa kuliko alivyotoka nyumbani.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, akakataa.

"Sipandi tena jokofu la mumeo," akasema.

"Mama, daktari anakusubiri."

"Aje huku. Mimi nitakufa hapa hapa kwangu, nikae karibu na ng'ombe. Ng'ombe ana joto."

Nilikodi gari la mtu mwingine, safi, lenye viti vya ngozi. Tulipofika nusu ya mteremko mama akaanza kutetemeka. Nikamwomba dereva afungulie hita. Akasema imefunguliwa. Nikamuuliza fundi wake ni nani, akanitajia. Ni huyo huyo wangu. Mama akadai arudishwe kwake, tukageuza.

Basi nikaenda Kiboriloni na ombi ambalo nadhani halikuwahi kutolewa pale.

"Hita?" fundi akasema. Akageuka akawaita wauza spea wa jirani. "Jamani, njooni mumsikie Mama Neema! Anataka hita! Moshi hii!"

Walikuja, wakacheka wakashika magoti. Mmoja akaniuliza kama nataka na blanketi la injini. Niliwaacha wamalize. Kisha nikamwambia fundi kuhusu kifua cha mama, na kwamba amekataa kwenda kliniki. Akaacha kucheka. Akasema pole. Akafuta mikono kwenye maua ya kiti changu, akaanza kazi.

Siku ile alisema ni kebo, ile inayovuta kifuniko cha kuruhusu hewa ya moto. Akakifunga kwa waya kikae wazi daima. Matokeo yake baridi ikaja kwa nguvu zaidi. Nikarudi. Akasema ni rejeta ndogo iliyo ndani chini ya dashibodi, imejaa tope la mfongo. Hapo alikuwa sahihi, lakini namna alivyoizibua siwezi kuisahau. Alichomoa mipira miwili ya maji, akauweka mmoja mdomoni na kupuliza, mishipa ya shingo imemtoka. Ulipokataa, akauvuta. Uji wa kahawia ukamjaa mdomoni, ukamtiririka kidevuni mpaka ndani ya ovaroli, na yeye anacheka meno yote yana tope. "Imefunguka!" anasema. Nilikimbilia nyuma ya mti.

Ni kweli ilifunguka. Mchana wa Kiboriloni, jua la saa nane, hita yangu ilitoa hewa ya vuguvugu. Asubuhi ya Marangu haikutoa kitu. Nikarudi tena, akachana boksi la mafuta ya kupikia, akalifunga kwa kamba mbele ya rejeta kuzuia upepo, akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Nilizunguka mjini na boksi lenye picha ya alizeti usoni mwa gari. Wateja wangu waliniuliza kama nimeanza kuuza mafuta.

Aliyenifungua macho ni dereva wa watalii niliyemkuta Marangu akisubiri wageni wake. Nilikuwa nimesimama pembeni nalifunga lile boksi. Akaniomba niwashe injini, tukasubiri, akashika mipira miwili inayopitisha maji ya injini kwenye hita, akaniambia na mimi nishike.

"Mama, ingekuwa mmoja wa moto na mmoja wa baridi, ningesema rejeta ya ndani imeziba. Hii yote miwili sawa, maji yanapita vizuri. Lakini ni maji ya kuogea mtoto. Mshale wako unapanda?"

"Haupandi kamwe," nikasema, na najua nilisema kwa majivuno.

Akanionea huruma, niliiona usoni.

"Basi haina themostati, mama. Wameitoa."

Nilimpitia fundi siku hiyo hiyo. Nikamwambia arudishe changu mahali pake. Hakukana. Alisema zile za zamani zimechakaa zote, ninunue mpya. Nikanunua. Akaitia kwenye sufuria yake ya chai, akawasha jiko, akaniambia niangalie: ikiwa nzima, maji yakichemka itafunguka. Maji yalichemka, kidude kikakaa kimya. Ya bandia. Nikanunua nyingine duka jingine, nayo ikakaa kimya. Katika yote mawili alikuwa ananionyesha ukweli mtupu. Kisha akaitoa ile ya pili kwa spana, akatia majani ya chai na sukari kwenye maji yale yale, akanikaribisha.

"Karibu chai, Mama Neema. Ya kununua siku hizi ni hivyo. Za kiwandani ndizo zilikuwa themostati."

"Basi nipe ile yangu ya kiwandani."

"Iko kwenye waya. Tafuta."

Nilikaa kwenye ndoo mlangoni kwake, watu wa sokoni wakinitazama, nikalinganisha vidude vyote vile kimoja kimoja na ile ya bandia mkononi mwangu. Hakuna kilichofanana. Vidole vyangu vilitoka vyeusi kama vyake. Nikasimama.

"Kwa hiyo mama yangu afe ili wewe usilaumiwe kwamba gari limechemsha?"

Alikunywa chai yake. Alitafuta mahali pa kutema, akatema.

"Injini haifi kwa baridi," akasema.

Sikurudi tena. Sokoni nilibadilisha njia ili nisipite gereji yake, na kanisani nikahamia ibada ya kwanza, ile isiyo na kwaya yake.

Baridi ile yote mama hakwenda kliniki. Mwezi wa tisa nilipomteremsha, daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akanitoa nje. Akaniambia waziwazi kwamba akikosa tena baridi nzima namna hii, hataivuka. Wakati huo fundi naye alishafunga gereji. Nikasikia amechoka, amekaa kwake Marangu, anateremka mjini mara moja moja. Nilisema ahsante Mungu, nikaendelea na mambo yangu.

Mwezi wa saba mwingine ukafika. Nilikuwa getini kwa mama asubuhi, ukungu umeshika mpaka huwezi kuona banda la ng'ombe. Nimefungua boneti, nahangaika na boksi jipya. Mama amekaa barazani kwenye kigoda, ameshavaa gauni la kliniki, shuka mbili na blanketi, na ameshaniambia mara nyingi kwamba amevaa kwa kunifurahisha tu na haendi popote. Kila akimaliza kusema anakohoa. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nimeinamia injini, hakuona.

Gari la bluu likasimama nyuma yangu. Fundi akashuka. Alikuwa amekonda, mvi zimejaa, shati la mikono mifupi. Mlango wake alipoufungua kitu kilinipiga usoni, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni joto.

"Habari za asubuhi, Mama Neema. Kliniki?"

Hakusubiri, akapita akaenda barazani. "Shikamoo mama," nikamsikia akisema. Kisha wakaongea Kichagga, mama anamuuliza kihamba cha kwao ni kipi na nani alikuwa jirani yake, anajibu kila kitu kwa adabu. Alimshika mkono kwa ule mkono wake mweusi, akamleta polepole mpaka garini. Mama akaingiza kiganja ndani ya mlango, akakiacha hewani. Akakigeuza. Mama yangu ambaye hushikwa na watu wawili kumpandisha, alipanda mwenyewe.

"Kuna moto humu," akasema. "Wewe umesimama nini? Ingia."

Niliingia nyuma. Tukateremka. Nje ukungu, ndani mama anafungua shuka moja, halafu nyingine, halafu anaacha blanketi lianguke miguuni. Kabla ya lami alikuwa amelala, na anapumua kwa pua, kimya, bila ule mluzi wa kifuani. Mimi nilitazama katikati ya mabega yao. Mshale wa joto wa fundi ulikuwa umesimama katikati kabisa.

"Una themostati," nikasema taratibu.

Hakugeuka. "Ninayo."

"Na sisi wote ukatutolea."

"Gari zenu zikichemsha mnakuja mlangoni kwangu mmepaza sauti," akasema. "Hii ni yangu. Ikichemsha nani atanilaumu?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama anayeeleza njia. Tukapita kona mbili.

"Ile yangu iko wapi? Nilipekua waya wote."

Akaonyesha boneti kwa kidevu.

"Ndiyo hiyo. Ilikuwa nzima, Mama Neema. Ya kiwandani. Ningeitupa?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Na mimi nina kifua. Toka zamani."

Sijui kama ni kweli, na wakati ule sikutaka kujua. Nilichukizwa mpaka nikasikia ladha yake mdomoni, ladha ya yale maji ya sufuria. Alikaa na joto letu miaka yote ile. Aliniacha nikae kwenye ndoo mlangoni kwake nikitafuta kitu alichokuwa anakiendesha. Nilitaka kupiga kelele asimamishe gari. Lakini namjua mama. Aliwahi kumrudisha jirani mkungu wa ndizi uliokuwa umeshapikwa nusu, kwa sababu mgomba ulikuwa umeinamia upande wetu tu, haukuwa wetu. Akijua amekaa kwenye kitu cha wizi angeshuka pale pale, kwenye ukungu, kwa miguu yake, na kliniki ingeishia hapo. Nikafunga mdomo. Nilikaa na hewa ya moto inanipuliza magotini mpaka hospitali.

Uwanjani fundi akazunguka kumshusha. Mama akasimama, akajinyoosha, akamtazama.

"Lete mkono," akasema.

Niliona alivyoutazama mkono wake. Akaingiza wa pili mfukoni, akatoa kile kitambaa safi kilichokunjwa, ambacho miaka yote hiyo sikuwahi kukiona kimefunguliwa, akausugua mkono wa kulia, kidole kwa kidole. Kisha akaunyoosha. Mama akainama, akamtemea kidogo kiganjani. Akamkunja vidole mwenyewe, vyote, akavishika kwa mikono yake miwili.

"Mungu akupe joto kama ulivyonipa. Aika, mwanangu. Mwezi ujao uje tena."

"Nitakuja, mama," fundi akasema.

Mama akanigeukia. "Na wewe, una nini? Hushukuru?"

Nilimtazama fundi. Yeye alitazama chini.

"Aika, fundi," nikasema.

Aliingia garini. Aliwasha, akageuza, akatoka getini akishika usukani na gia vyote kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameuweka pajani, umefungwa.